Usifanye Agano na Nyumba ya Mauti

Nakusalimu wewe uliye Kitui mjini, Mwingi na Mutomo, wewe wa Wote, Kibwezi na Mtito Andei, na wewe mwana wetu uliye Nairobi au ng'ambo unayesoma haya ukiwa kwenye matatu au zamu ya usiku. Leo nataka tuzungumze juu ya tamthilia. Usikimbie. Soma mpaka mwisho, kisha uniulize maswali.

Tamthilia yenyewe inaitwa The Haunting of Hill House. Ilitoka kwenye Netflix tarehe 12 Oktoba 2018, ina sehemu 10, na mwelekezi wake ni Mike Flanagan wa Marekani. Si mpya. Lakini wewe unajua, kitu kikishaingia kwenye flashi ya kijana wa muvi pale sokoni hakizeeki. Kila likizo kuna watoto wetu wanaoiona kwa mara ya kwanza, wamejifunika blanketi, simu usoni, saa nane ya usiku. Na wakifika sehemu ya 10 wananiandikia ujumbe ule ule: "Mchungaji, kuna ubaya gani? Mwisho wake unaliza. Unafundisha upendo wa familia."

Jibu langu ni hili: ubaya uko hapo hapo kwenye huo mwisho. Sehemu zile tisa za kwanza zinakutisha tu. Ile ya kumi inakufariji, na faraja yake ndiyo yenye sumu.

Kabla hujasema mchungaji ameanza tena, nielewe. Mimi si wa kundi linalosema kila mtu aliyeangalia filamu ya kutisha ameingiwa na pepo, alete televisheni ipakwe mafuta. Shetani hahitaji bando zako kukufikia. Hofu ya namna hiyo haijamwokoa mtu, na wako wahubiri wanaoiuza kama karanga. Hoja yangu ni nyingine. Hadithi yoyote ikifika mwisho inakwambia cha kutumaini. Sasa tuangalie hii inakwambia utumaini nini.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Bwana na Bibi Crain, Hugh na Olivia, wananunua jumba kubwa la zamani ili walikarabati na kuliuza. Wana watoto watano: Steven, Shirley, Theo, na mapacha Luke na Nell. Jumba lina mizuka. Polepole linamvuruga mama akili mpaka anaamini kwamba njia ya kuwalinda watoto wake na dunia ni kuwaua. Usiku mmoja anawapa mapacha chai yenye sumu ya panya. Baba anawahi kuwaokoa wawili hao, lakini mtoto wa tatu aliyekuwa nao, Abigail, binti wa watunzaji wa jumba, anakunywa na kufa. Baba anawatorosha watoto wake. Mama anabaki, na usiku huo huo anakufa humo.

Miaka 26 inapita. Baba hajawaambia watoto kilichotokea. Steven anaandika kitabu cha mizuka na kupata pesa. Luke anazama kwenye heroini. Nell anarudi kwenye jumba na kufia humo. Ndipo tunafika sehemu ya mwisho. Luke anakwenda na petroli kuliteketeza jumba, ndugu zake wanamfuata, na wote wananaswa ndani ya Chumba Chekundu, chumba ambacho ndani yake jumba huwameng'enya watu kama tumbo linavyomeng'enya chakula. Baba anawatoa. Kwa njia gani? Anapatana na mzuka wa mkewe: fungua mlango watoto waende, nami nitabaki nawe. Naye anameza vidonge, anakufa, anabaki humo na mkewe na binti yake Nell.

Na jumba? Jumba linaachwa limesimama. Wale watunzaji, akina Dudley, walimsihi Hugh tangu usiku ule asilichome wala kulibomoa, kwa sababu mzuka wa binti yao umo ndani na wanataka kumwona. Wao watanyamaza juu ya kifo cha mtoto, yeye atalinda jumba. Kisha Steven anarithi ahadi hiyo. Miaka inakwenda, mama Dudley anakaribia kukata roho, na mumewe anambeba mpaka ndani ya jumba ili afie humo, akae na mtoto wake. Muziki mtamu unapigwa. Kwingine Luke anasherehekea miaka miwili bila dawa za kulevya, familia imekaa pamoja. Mwisho.

Mpendwa, umeona kilichofanyika? Nyumba iliyokula watoto imegeuzwa kuwa mbingu.

Sasa fungua Mambo ya Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Wengi wetu tunairuka sura hiyo, lakini Mungu alishatoa sheria ya nyumba yenye pigo. Mwenye nyumba anakwenda mwenyewe kwa kuhani na kusema, naona kuna kitu kwenye nyumba yangu. Hafichi. Kuhani anaamuru vitu vitolewe nje, kisha anaingia na kuangalia. Nyumba inafungwa siku saba. Pigo likiwa limeenea, mawe yenye pigo yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, unapakwa udongo mpya. Likirudi tena, hakuna mazungumzo: nyumba inabomolewa, mawe yake, miti yake na udongo wake wote, na vifusi vinapelekwa nje ya mji mahali pachafu.

Linganisha. Kwenye tamthilia ile, mtu pekee aliyefika mlangoni na nia ya kumaliza nyumba ile ni Luke, mraibu anayejaribu kuacha. Wenye akili timamu ndio waliofanya mapatano ya kuitunza.

Na hapa nisimame nikemee kitu kabla mtu hajanielewa vibaya. Katika sura hiyo yote ya Walawi, hakuna susu wa mtu aliyenyooshewa kidole. Kilichokaguliwa ni ukuta. Kilichotupwa ni jiwe. Oktoba 2021 kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowaita wachawi. Hao walikuwa mama za watu. Ukinisikia nikisema bomoa nyumba ya mauti, halafu ukamwangalia mjane wa jirani, wewe ndiye mwenye pigo. Hata sheria ya Kenya juu ya uchawi, ile Sura ya 67 iliyoandikwa mwaka 1925, inamhesabu mtu anayemshutumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji. Sasa kanisa liwe nyuma ya sheria ya mkoloni?

Nyumba ninayosema ubomoe ni agano lako na mauti. Isaya sura ya 28 inawataja viongozi wa Yerusalemu waliojisifu kwamba wamepatana na mauti, kwamba wamekubaliana na kuzimu, kwa hiyo janga likipita halitawagusa. Mungu akawaambia mapatano hayo yatabatilishwa. Hivyo ndivyo walivyofanya akina Crain na akina Dudley. Na hivyo ndivyo tunavyofanya hapa Ukambani, bila Netflix, kwa njia tatu. Nitazitaja.

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Hugh alinyamaza miaka 26 akidhani anawalinda watoto. Ukimya huo uliwaharibu kuliko mzuka wowote. Baba unayenisoma, nakuuliza: watoto wako wanajua mama yao alikufa kwa ugonjwa gani? Wanajua kwa nini mjomba yule haruhusiwi kulala kwenu? Wanajua shamba lile liliuzwaje? Sisi tunazika vizuri, tunatoa hotuba nzuri, tunakula wali, kisha tunafunika jambo na udongo pamoja na jeneza. Halafu kijana akianza kulewa tunasema ni laana ya ukoo. Laana gani? Ni siri. Mtoto anaumwa na kitu ambacho wewe unakijua kwa jina, na umekataa kumtajia. Yule wa Walawi alikwenda mwenyewe kwa kuhani. Wewe unasubiri nani?

Njia ya pili ni kutunza wafu ndani ya nyumba. Sisi huzika nyumbani. Kaburi la baba liko pale nyuma karibu na mwembe, na si dhambi. Kulipalilia si dhambi. Kumkumbuka baba si dhambi. Mwaka 1895 wamishonari wa kwanza wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, hapa hapa Makueni, wakiongozwa na kijana Peter Cameron Scott. Alikufa mwaka uliofuata. Tunamkumbuka kwa heshima, na hakuna Mkristo wa Nzaui anayemwagia udongo uji ili Scott asikasirike. Lakini sisi tuliosikia Injili zaidi ya miaka 120, bado wako washirika wanaomwaga pombe kwa aimu usiku wa Jumamosi na kuinua mikono kanisani Jumapili. Mtoto akiugua, safari ni kwa mundu mue. Mpaka nguzo za stima za Nairobi zina matangazo ya mganga kutoka Kitui, jina la nyumbani kwetu limegeuzwa kuwa chapa ya biashara ya hofu! Na huyo mganga anakwambia nini? Anakwambia kile kile alichoamini mzee Dudley: wafu wenu wamo humu ndani, wanataka kitu, usiibomoe hii nyumba, leta mbuzi.

Njia ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ni kuamini kwamba ukifa ndipo utakapokutana na uliyempoteza, kwa hiyo kifo ni mlango wa kukimbilia. Sehemu ile ya mwisho inamwonyesha baba akimeza vidonge, na kamera inamtazama kwa upendo. Anaamka upande wa pili amekumbatiwa na mkewe na binti yake. Hakuna maiti inayooza, hakuna mtoto anayebaki na swali maisha yake yote. Amejiua, na hadithi inampigia muziki.

Mimi huwa nakaa na waliofiwa. Kuna kijana anayesoma haya ambaye mama yake tulimzika juzi, na usiku anaangalia vitu hivi. Wewe, mwanangu, nisikilize vizuri. Mama yako hakusubiri kwenye chumba chochote chekundu. Hakuiti umfuate. Sauti inayokwambia kwamba ukijidhuru utamwona ni ya uongo, hata kama inaongea kwa sauti yake. Usikae nayo peke yako usiku huu. Mwamshe dada yako. Nenda kwa shangazi, kwa mwalimu, kwa daktari hospitalini. Kwenda hospitali si kukosa imani. Nipigie mimi, saa yoyote. Afadhali uniamshe mara mia.

Mnakumbuka tarehe 4 Desemba 2021. Basi lililobeba wanakwaya wa Katoliki wa Mwingi waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu, likazama watu wakitazama kutoka ukingoni. Walikufa zaidi ya watu 30. Kuna nyumba zilizopoteza watoto kadhaa siku moja. Sasa chukua mafundisho ya tamthilia hii uyapeleke kwa mama wa Mwingi. Utamwambia nini? Kwamba wanawe bado wanatembea ndani ya maji ya Enziu, aende akakae nao? Kwamba mto ule usijengewe daraja imara kwa sababu wapendwa wetu wamo ndani? Ungefukuzwa, na ungestahili. Mbele ya msiba halisi, faraja ile haisimami hata dakika moja. Inafaa tu kwenye skrini.

Na hata huko ilikotoka haikuwamo. Tamthilia hii imetokana na riwaya ya mwanamke wa Marekani, Shirley Jackson, iliyochapishwa mwaka 1959. Katika riwaya, mwanamke mpweke anavutwa na jumba mpaka anakufa, na kitabu kinafungwa kwa upweke. Kile kinachotembea humo ndani hakina mwenzi. Waliotengeneza tamthilia wakageuza mwisho: wanaotembea humo sasa wanatembea pamoja. Yule mama hakuwa akihubiri Injili, lakini alikuwa mkweli kuliko wao. Alijua kwamba nyumba ya mauti haimpi mtu familia. Waliokuja baadaye walitaka tulie na kufurahi, wakaipaka chokaa.

Mtu atasema, "Mchungaji, ni hadithi tu." Sawa. Na mifano ya Yesu ilikuwa nini? Hadithi ya mwana mpotevu imewarudisha watu nyumbani kwa miaka 2000. Hadithi hazina mikono, lakini zinasukuma. Mwingine atasema, "Lakini kuna mazuri." Yapo, na sitayakana. Baba hatimaye anamwambia Steven ukweli, na ukweli unaanza kumponya. Shirley anamwambia mumewe alivyomkosea. Luke anaacha dawa za kulevya akiwa amezungukwa na ndugu zake, na wazazi wenye watoto wanaovuta bangi na kunywa vileo hatari hapa kwetu wanajua hilo lina thamani gani. Lakini ona: mema yote hayo yalitokea nje ya jumba, kati ya watu walio hai, mezani. Hakuna hata moja lililohitaji jumba libaki limesimama.

Sasa nikupe mwisho mwingine. Yohana 11. Lazaro amekufa, siku nne kaburini. Yesu anafika, anaona Mariamu analia, naye analia. Hatukukatazwa machozi. Lakini Yesu haingii kaburini kukaa na rafiki yake. Hapatani na kaburi. Anaamuru jiwe liondolewe, na Martha anaogopa harufu, kama sisi tunavyoogopa harufu ya siri zetu. Jiwe linaondolewa. Anamwita kwa jina, atoke nje. Hugh aliingia ili abaki. Yesu anaita watu watoke.

Na siku zake zilipofika aliingia mwenyewe kwenye kaburi, hakumeza kitu cha kujiua, aliuawa na wenye dhambi kwa ajili ya wenye dhambi, na siku ya tatu akatoka. Luka 24: wanawake wanakuja na manukato wamkute maiti, na wanaulizwa kwa nini wanamtafuta aliye hai kati ya wafu. Mwisho wa tamthilia ni nyumba iliyojaa wafu. Mwisho wa Injili ni kaburi tupu. Ndiyo maana Daudi alipofiwa na mtoto wake, 2 Samweli 12, aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana, kisha akala. Alijua kwamba mtoto hatarudi kwake, ila yeye siku moja atakwenda kwa mtoto. Hakumjengea mtoto chumba. Alimngoja Mungu, akaendelea kuishi.

Basi wiki hii fanya mambo haya. Mzazi, kaa na mtoto wako muulize ameangalia nini likizo hii na mwisho wake ameuelewaje. Usimfokee, msikilize kwanza. Wewe mwenye siri, chagua mtu mmoja wa nyumba yako anayestahili kuijua, umwambie kabla ya Jumapili. Ukihitaji nikae katikati yenu, nitakuja. Wewe mwenye hirizi juu ya mlango au kibuyu chini ya kitanda, kitoe kwa mkono wako mwenyewe, tutakichoma pamoja baada ya ibada. Hatutauliza nani alikupa, na hakuna jina la mzee litakalotajwa. Wewe uliyefiwa, usilale peke yako.

Tuombe. Baba, tunabatilisha mbele zako kila mapatano tuliyofanya na mauti, ya ukimya, ya hofu na ya kukata tamaa. Wafariji wenye makaburi mapya nyuma ya nyumba zao, kutoka Tseikuru hadi Mtito Andei. Mshike kijana anayelia usiku huu. Mwanao ametoka kaburini, nasi tutoe pamoja naye. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mtu mmoja ujumbe huu, yule uliyemfikiria ulipokuwa ukisoma. Tukutane Jumapili.

Mchungaji wako.